Moto wa Penueli

Harufu ya maharage yaliyoungua ilitoka upande ambao hapakuwa na nyumba.

Kaswera ndiye aliyeisikia kwanza. Walikuwa wamesimama juu ya kilima, yeye na mumewe Lusenge, pamoja na Stanislas, mtu aliyewaonyesha viwanja. Mbele yao palikuwa na njia iliyochimbwa kwa jembe, na kandokando yake mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Upande wa kushoto mistari iliendelea mpaka bondeni bila paa hata moja.

“Nani anapika kule?” Kaswera aliuliza.

Stanislas alinusa. “Itakuwa sentinele, mulinzi ya miti. Lakini kule ni Penueli, mama. Haiyafunguliwa. Batu hapana.”

“Basi sentinele wenu anaunguza chakula,” Lusenge alisema. Wakacheka, wakaendelea.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya Mbau ilifungwa wiki hii na kufunguliwa wiki nyingine, kutegemea nani alishika kizuizi. Lusenge alikuwa mnunuzi wa kahawa na mawese huko Mbau. Siku risasi zilipofika sokoni alipakia mke, binti yao Bénie na magodoro juu ya lori, wakapita Beni bila kusimama, wakafika Butembo. Butembo wafanyabiashara walikuwa wakijenga. Serikali ilikuwa mbali na waasi walibadilisha majina, lakini tole za kuezekea na simenti viliendelea kufika. Mmoja wa wafanyabiashara hao, mzee Ézéchias, alikuwa na kilima cha mikaratusi nje ya mji. Badala ya kuuza mbao, alikigawa katika mitaa minne, akaipa majina ya Biblia, akachimba njia, akaleta maji ya chemchemi kwa bomba, kisha akaweka masharti: mti haukatwi bila ruhusa, mbuzi hazururi, kila nyumba inaangalia njia. Jina la ofisini lilikuwa Cité Ézéchias. Watu waliita Mu Miti.

Stanislas alikuwa na maneno kwa kila mtaa. Goshen ulikuwa chini kabisa. “Udongo mweusi, maharagi inaota yenyewe. Lakini ukungu, baridi, na kule njo bameweka badéplacés, bakimbizi ba vita, chini ya maturubai.” Hebroni ulikuwa katikati. “Hapa bomba, pale kanisa. Miye ningechagua Hebroni.”

“Na juu ya nini weye haukae Hebroni?” Lusenge aliuliza.

“Bibi yangu alikatala. Anasema majirani bataona vyenye anapika.”

Beteli ulikuwa juu. Jua lilifika huko mapema, na tole za Beteli zilionekana kutoka mjini.

Lusenge aliuliza maswali ya mtu aliyekimbia vita. Barabara kubwa iko mbali kiasi gani? Askari wanapita wapi? Maji yakikatika, watu wanachota wapi? Kaswera alisubiri amalize, akauliza lake moja.

“Kwa Mariette ni wapi?”

Mariette alikuwa mke wa Kitsa, kaka mkubwa wa Lusenge. Wanawake hao wawili waliolewa mwaka mmoja, na tangu hapo waliishi kwa kupimana. Mariette alipata cherehani. Kaswera akaingia kwaya ya wamama. Mariette alizaa mvulana, Esdras. Kaswera alikuwa na Bénie peke yake. Kitsa aliposema kwamba wamejenga Mu Miti, na kwamba sakafu yao ni ya simenti, Kaswera alimpongeza mbele ya watu. Chakula chake siku hiyo hakukigusa.

Stanislas alionyesha kwa kidole. “Mama ya Esdras eko Hebroni. Ile paa ya pili kutoka kwa bomba.”

“Juu yake kuna nini?”

“Beteli. Imejaa. Imebaki parcelle moja, ya mwisho kabisa, inaangaliana na Penueli.” Alimgeukia Kaswera. “Kule hauna jirani, mama. Ukikosa chumvi utapiga kelele mpaka Vuhovi.”

“Tukae Hebroni,” Lusenge alisema. “Maji iko, ndugu eko. Ni vita, Kaswera.”

“Ndugu yako akae chini yetu. Tutamuona muzuri zaidi.”

Lusenge alimtazama mkewe, akatazama miti. Kisha akamwambia Stanislas kwamba watachukua ile ya mwisho.

*

Nyumba ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, na jiko dogo nyuma. Walihamia siku yenye mawingu. Magodoro yalipoingia, Bénie alianza kulia njaa, na Lusenge akatoa kiberiti mfukoni.

“Rudisha,” Kaswera alisema.

Alilelewa Musienene, kwa bibi mzaa mama, na kwa bibi huyo nyumba mpya haikuwashwa kwa kiberiti. Moto wa kiberiti ni wa mpita njia na wa askari. Moto wa nyumba huombwa kwa jirani, makaa machache juu ya kigae, na aliyekupa anakuwa mama wa jiko lako. Anaingia bila hodi. Anafunua chungu chako akitaka. Hakuna wa kumzuia.

Lusenge alilijua hilo. “Enda basi kwa Mariette. Ni pale chini.”

Kaswera alichukua kigae, akatoka. Alishuka mpaka mahali ambapo njia inakata kwenda Hebroni. Aliona paa la Mariette na moshi wake. Akilini akamwona Mariette akiingia kwake bila hodi, leo, kesho na miaka yote, akifunua chungu na kusema, Eeh, nyama iko wapi? Alisimama hapo mpaka tone la kwanza la mvua likamwangukia mkononi. Kisha akageuka.

Kulikuwa na moshi mwingine. Ulikuwa upande wa Penueli, kati ya miti, mwembamba.

Aliufuata. Mwanamke alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga matatu, akimpa mgongo, kichwa kimefungwa kikwembe. Alikuwa akipuliza makaa. Kaswera alidhani ni mke wa sentinele.

“Mama, tumefika leo. Nakuya kuomba moto.”

Mwanamke hakugeuka. “Ulikosa kwa nani, mpaka unakuya kwangu?”

“Kwa muke ya shemeki yangu. Eko kule chini.”

“Hautaki aingie kwako.”

“Hapana, sitaki.”

“Basi nitaingiaka miye.”

Kaswera alicheka, aliona ni utani wa jirani. Mwanamke aliweka makaa kwenye kigae kwa vidole, bila koleo, akauliza kama ana mtoto. Mmoja, Kaswera alijibu, wa kike. “Wasingya,” mwanamke alisema, asante ya Kinande, kama mtu aliyepewa kitu. Kaswera alirudi haraka kwa sababu ya mvua. Njiani alikumbuka kwamba hakuona mlango. Hakuona pia nyumba.

Lusenge hakuuliza makaa yalitoka wapi.

*

Moto ule ulikuwa mzuri. Asubuhi Kaswera alifunua majivu akakuta makaa mekundu ambayo hakuna aliyeyaongezea kuni. Maharage yanayotaka asubuhi nzima yaliiva kabla Lusenge hajamaliza kunyoa ndevu. Bukari, ugali wa nyumbani, haikushika chungu. Kahawa ya Lusenge, iliyokuwa imekwama kwenye kizuizi cha Mbau, iliachiliwa ghafla, na wenzake wakabaki wakilalamika. Mvua ilipolowesha kuni za mtaa mzima, kwa Kaswera moshi ulipanda wima.

Mariette alipanda kilima kuja kuona. Alipiga hodi. Kaswera alimwacha apige tena.

“Karibu, yaya Mariette,” alisema hatimaye, kama anavyoitwa dada mkubwa.

Mariette aliketi karibu na jiko. Alitazama mafiga, akatazama kuni, akatazama chungu. Alikuwa amembeba Esdras, aliyekuwa na kikohozi.

“Mama Bénie, makala yako ya moto unanunuaka wapi?”

“Ya kawaida tu.”

“Ya kawaida na inawaka hivi? Miye napuliza mpaka macho inataka kutoka.”

“Labda ni upepo ya huku juu.”

“Eeh. Upepo ya batajiri.” Mariette alicheka kwa mdomo. Alikula sahani moja, akaomba ya pili, na alipoondoka aligeuka njiani kutazama moshi. Kaswera alimwona. Siku hiyo aliimba alipokuwa akiosha vyombo.

Bénie ndiye aliyeacha kula. Mwanzoni alisema ameshiba. Kisha akasema chakula cha mama kina baridi, ingawa kilikuwa kikitoa mvuke. Alipoulizwa amekula wapi, alielekeza kidole kwenye miti.

“Kwa mama mwengine.”

“Mama gani?”

“Mwenye anapuliza.”

Kaswera alimkataza kwenda huko. Mtoto hakubisha, aliketi mlangoni, akatazama Penueli, akanyonya kidole. Kidole kilikuwa na majivu. Kaswera alipombeba usiku huo kumlaza, ngozi ya mtoto ilikuwa ya moto, si kama homa, bali kama sufuria iliyotolewa jikoni sasa hivi, na nywele zake zilinuka maharage yaliyoungua. Asubuhi kikwembe alichombebea kilikuwa na mashimo mawili meusi, mahali mikono ya mtoto ilipokuwa imeshika.

Halafu sauti ikaanza. Ilikuwa sauti ndogo, fuu, fuu, ya mtu anayepuliza makaa. Ilitoka jikoni wakati jikoni hapakuwa na mtu. Lusenge aliisikia alipokuwa akifunga viatu, akaita, “Mama Bénie, leta maji,” na mkewe akamjibu kutoka nje, kwenye kamba ya nguo, nyuma yake. Wote wawili waligeukia jiko. Jikoni sauti iliendelea kidogo, ikakoma, na kitu kikafunika chungu.

“Ni panya,” Lusenge alisema kwa sauti ya chini.

“Panya hafunikake chungu.”

“Batu ya mujini banasema bafanyabiashara banaleta majini toka Dubai, ndani ya kontena. Mzee Ézéchias…”

“Nyamaza. Iko inasikiliza.”

*

Jambo lenyewe lilikuja mchana, pamoja na ukungu. Ukungu ulipanda kutoka Goshen, ukameza Hebroni, ukafika Beteli na kusimama. Kaswera alikuwa amekwenda bombani, akakuta foleni, na wamama waliokuwa na vibido vya maji walimpa nafasi mbele bila kuombwa, kwa sababu mke wa Lusenge siku hizi alikuwa mtu wa maana. Alifurahia hilo njia yote ya kurudi. Alifika uani akatua kibido, akasikia fuu, fuu, akajiambia ni panya, akajiambia ni upepo wa huku juu, akasogea mpaka mlango wa jiko ambao aliuacha umefungwa na sasa ulikuwa wazi, na ndani, mbele ya mafiga yake mwenyewe, juu ya kigoda chake mwenyewe, aliona mgongo aliouona siku ya mvua, kikwembe kile kile kichwani, na miguu ya Bénie ikining'inia upande mmoja kama ya mtoto anayenyonya, na mwanamke yule ameinamisha kichwa juu ya uso wa mtoto akipuliza, taratibu, kwa subira, ndani ya mdomo wa mtoto, na kila alipopuliza kifua cha Bénie kiliwaka kidogo chini ya gauni, chekundu, kisha kikazimika, kisha kikawaka.

Kaswera alishika mwimo wa mlango. Alisema tu, “Mama.”

“Funga mulango,” mwanamke alisema bila kugeuka. “Baridi itamuingia.”

“Muache mutoto wangu.”

“Ulikuya kwangu na kigae. Nilikupa. Mwenye kutoa moto hapigi hodi.” Akapuliza. “Ulitaka kuwa juu ya ule mwengine. Sikukuweka juu?”

“Uliniweka.”

“Miye pia niliwekewa mutu juu yangu. Muke mudogo, kule Beteli yenu, na nyumba ya kwanza ikawa ya chini. Yeye alizaa. Miye nilikuwa na moto tu.” Sauti haikupanda. “Kila siku unamubeba huyu mbele ya macho yangu. Unafikiri naona muzuri?”

Kaswera aliingia akamvuta mtoto. Mikono yake iliungua, akavuta hivyo hivyo, na alipoangalia tena kigoda kilikuwa kitupu, chungu kilikuwa kinachemka bila maji, na Bénie alikuwa mikononi mwake, macho wazi, akitoa kwa kila pumzi majivu laini ya kijivu.

*

Lusenge alikwenda kijiji cha Vuhovi kwa baiskeli kumleta mama Agar. Barabarani kulikuwa na kizuizi cha wapiganaji wa Mai-Mai. Walimwambia arudi, lakini aliposema anaenda kumtafuta mama Agar kwa ajili ya mtoto, mkubwa wao alisogeza mwenyewe mti uliofunga njia. Agar alikuwa mjane wa shemasi, mama wa chumba cha maombi. Wabatista walimwita, Wakatoliki walimwita, na wapiganaji walimwogopa. Alifika amekaa nyuma ya baiskeli, Biblia ndani ya mfuko wa sukari.

Hakufungua Biblia. Aliingia jikoni, akainama, akanusa.

“Hii hapana jini ya Dubai,” alisema. “Hii ni kirimu, pepo ya hapa hapa. Moto ilitoka wapi?”

Lusenge alimtazama mkewe. Kaswera aliangalia chini.

“Kwa yaya Mariette,” alisema.

Agar alipiga magoti mbele ya mafiga, akamwambia Lusenge ashike kichwa cha mtoto. Aliomba kwa Kinande, kisha kwa Kiswahili. Akasema: katika jina la Bwana, na kwa mkono wa mama aliyetoa moto huu, Mariette, muke ya Kitsa…

“Si yeye,” Bénie alisema kutoka kitandani.

Mtoto hakuwa amesema neno tangu siku ya ukungu. Sauti haikuwa ya mtoto. Makaa jikoni yaliwaka yote pamoja, na chungu kikapasuka.

Agar alinyanyuka polepole akijipangusa majivu. Hakumkasirikia mtu. “Mama Bénie,” alisema, “nilikuwa karibu kumuua mutoto wako kwa mudomo yangu, kwa kutaja jina ya uongo. Moto ilitoka wapi?”

Kaswera alisema yote: kigae, mahali njia inapokata, paa la Mariette, moshi mwembamba, mgongo. Alipofika kwenye maneno “hapana, sitaki” alilia. Lusenge alikaa kwenye kizingiti, akaweka kichwa mikononi.

“Namujua huyu mwanamuke kwa masimulizi,” Agar alisema. “Bwana wake alimuweka chini, akajengea mudogo juu. Alikufa anapuliza moto, mutu hapana karibu yake. Bakaacha mafiga yake pale pale, bakapanda miti juu yake. Sasa musikilize. Tutarudisha moto yake yote, hata kaa moja isibaki. Lakini nyumba haiwezi kubaki baridi, atarudi kabla ya jua kuanguka. Utaenda kuomba kwa yule uliyemukimbia.”

“Kwa Mariette?”

“Kwani unajua mwengine?”

Kaswera alishuka Hebroni na kigae kipya. Mariette alikuwa uani, akianika nguo. Esdras hakuwa na kikohozi tena; alikuwa amenenepa, mashavu yanang'aa. Cherehani mpya ilikuwa barazani. Kaswera aliviona vyote kabla ya kusalimu, na kitu kikamchoma chini ya mbavu, hata wakati huo, hata na mtoto wake anatema majivu.

“Yaya, nakuya kuomba moto.”

Mariette alisimama na nguo mkononi. 

“Juu ya nini leo?”

Kaswera alimwambia. Alipomaliza, uso wa Mariette ulikuwa umebadilika.

“Yangu haitakusaidia,” alisema kwa kunong'ona. “Mama Bénie, ulikuwa unafikiri miye ni mujinga? Ile siku nilikula kwako nilirudia njia ya miti. Nikaona moshi. Nikasema, njo anakotoa. Nikazima yangu nikaenda kuomba.” Alimkumbatia Esdras. “Alinipa bila kuuliza mingi. Aliuliza tu kama niko na mutoto.”

*

Moto wa Mariette ukiwa ule ule wa Penueli, ilibidi ashuke mpaka Goshen. Kaswera hakuwahi kufika huko. Njia iliishia kwenye matope, kisha maturubai, kisha watu waliotoka vijijini na kile walichoweza kubeba. Aliingia turubai la kwanza lililokuwa na moshi. Mwanamke aitwaye Rébecca alikuwa akichoma mahindi mawili kwa watoto wanne.

“Mama, naomba moto.”

“Chukua, dada. Chukua mingi. Huku kwetu moto njo kitu yenye tuko nayo.” Rébecca alimpangia makaa kwa kipande cha bati. “Unatoka wapi?”

“Beteli.”

“Beteli banaombaka moto Goshen?” Alicheka mpaka meno yakaonekana, na watoto wakacheka kwa sababu mama yao alicheka. “Basi dunia imepinduka. Nitakuya kukuona, eh? Nitaingia bila hodi.”

“Kuya,” Kaswera alisema. “Kuya hata leo.”

Jua lilikuwa linashuka juu ya mji walipoingia Penueli; makaa ya Goshen walimwachia Lusenge nyumbani. Agar alitangulia. Kaswera alibeba makaa yote ya jiko lake ndani ya sufuria, na majivu, na vipande vya chungu. Mariette alifuata nyuma na sufuria yake mwenyewe, kwa sababu Agar alimwamuru. Chini ya miti hapakuwa na moshi. Walikuta mafiga matatu, mizizi ya mkaratusi imeyazunguka, na jivu katikati lenye joto.

“Tunakurudishia chenye tuliomba,” Agar alisema. “Hatuna deni, hauna nyumba kwetu. Mwaga, mama Bénie.”

Kaswera alimwaga. Yalizimika yote mara moja, kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Huko nyumbani, Lusenge alisema baadaye, mtoto alikohoa donge jeusi, akaomba maji.

“Na weye, mama ya Esdras.”

Mariette hakusogea. Alishikilia sufuria kifuani. Ndani makaa yalikuwa mekundu, na yaliuangaza uso wake kutoka chini.

“Kitsa alikuwa halale nyumbani,” alisema. “Sasa analala. Esdras alikuwa anakufa kwa kikohozi.”

“Atakuomba huyo Esdras.”

“Kwa Kaswera aliomba mutoto juu ya vile Kaswera hakumuheshimu. Alimuona kama bibi ya sentinele.” Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. “Kwake iliwaka wiki na wiki, na miye naangalia toka chini. Kwangu njo inaanza. Muniachie miye pia nionje.”

“Yaya Mariette!” Kaswera aliita.

Lakini Mariette alikuwa amekwisha kugeuka. Aliondoka kati ya mistari ya miti, amefunika sufuria na kikwembe chake, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Agar alimtazama mpaka akapotea.

“Miye nafukuza kwa mwenye anataka kufukuza,” alisema. Akajipangusa mikono na majani.

*

Bénie alipona. Alikula bukari, alikula sombe ya majani ya muhogo, alidai nyama. Ngozi yake ilikuwa ya mtoto. Rébecca alikuja kama alivyosema, akaingia bila hodi, akafunua chungu, akasema chumvi haitoshi.

Moto wa Goshen ulikuwa moto kama moto mwingine. Ulitaka kuni kavu. Mvua ilipokuja ulitoa moshi mpaka kila mtu akatoka nje kulia. Maharage yalichukua asubuhi nzima. Kahawa ya Lusenge ilikwama tena Mbau, kama ya wenzake, na bombani wamama hawakumpa Kaswera nafasi mbele. Nafasi hiyo ilikuwa ya Mariette.

Kitsa alinunua lori. Mariette alianza kujenga upya, kwa matofali, na watu walisimama njiani kutazama. Alipomwona Kaswera alimsalimu kwa jina, kwa upole, na Kaswera alitamani angemtukana.

Jioni moja mvua ilikuwa imekatika, na Kaswera alikuwa mlangoni akipuliza kuni mbichi. Macho yalimtoka machozi. Kutoka hapo Hebroni yote ilionekana chini, paa kwa paa, na kila paa lilikuwa na moshi uliovunjika kwa upepo, isipokuwa moja. Moshi wa Mariette ulipanda wima. Palikuwa na kicheko uani kwake, vicheko viwili vya wanawake, na kimoja Kaswera alikijua, na kingine kilikuwa cha chini, cha subira, cha mtu aliyekaa kwenye kigoda na kupokelewa vizuri.

Bénie alikuja akasimama kando yake. Alitazama chini muda mrefu.

“Mama,” alisema, “mbona ule mama mwenye anapuliza hakuye tena kwetu? Kwa mama Mariette iko nini?”

Kaswera alitazama moshi ule uliopanda wima. Alikuwa ameacha kupuliza, na swali hilo lilikuwa limemkaa rohoni tangu asubuhi.